Mpishi Aliyecheza kwa Kijapani

Kabla sijauona uso wake niliisikia sauti yake. Nilikuwa nimefika mtaa wa Misunkumilo siku hiyohiyo, mwalimu mpya ambaye hata shuleni bado sijaripoti, na dalali alikuwa ananionyesha chumba cha uani. Kutoka nyumba kubwa, ng'ambo ya kamba za kuanikia nguo, mtu mzima alikuwa anapiga kelele: "Mate! Mate! Mate!" Nikajua humo ndani kuna mgonjwa anaambiwa ateme. Nikamtazama dalali. Dalali hakushtuka.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," akasema. "Anacheza gemu."

"Na hayo mate?"

"Ni Kijapani hicho. Maana yake subiri."

Basi nikahamia. Nilikaa katika nyumba ile miaka sita, na kila siku baada ya sala ya Alasiri niliisikia sauti ile ikimwomba mtu asiyekuwepo asubiri.

Mtaa mzima ulimwita Mpishi, na mimi nikamwita hivyo. Alikuwa na mgahawa karibu na soko, meza nne na mabenchi, wali na maharage, migebuka ya kukaanga iliyoletwa kutoka ziwani, na supu ya asubuhi iliyokuwa inaisha kabla jua halijapata nguvu. Lakini upishi wenyewe aliusomea kambini. Miaka mingi alipikia Wajapani waliokuwa wanafuata sokwe milimani, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kapalamsenga. Huko alijifunza kupika wali bila chumvi, jambo ambalo hakuwahi kuwasamehe, na huko alijifunza Kijapani cha jikoni: leta, subiri, moto, hatari, tamu, bado, tayari. Mmoja wa wale watafiti, kijana mrefu ambaye kila mlango wa kambi ulimgonga kichwa, alikuwa na mashine ya gemu aliyoitoa kwao. Siku anaondoka aliifunga kwenye boksi pamoja na kaseti kumi na moja, akamkabidhi Mpishi kwa mikono miwili, akainama. Mpishi naye akainama. Alisema waliinamiana hivyo mpaka dereva akapiga honi.

"Sikumuomba," aliniambia. "Aliona tu ninavyosimama mlangoni na sinia ya chai, chai inapoa, mimi naangalia."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kijivu, ndogo kuliko nilivyotarajia kwa kelele zile zote, na pedi mbili za kuchezea ambazo nyaya zake zilikuwa zimeviringwa plasta. Ilikuwa na masharti kama mgonjwa wa sukari. Kwanza, ilikuwa inakunywa umeme nusu ya huu wetu, kwa hiyo katikati yake na ukuta ilibidi kikae kisanduku cha kupunguza umeme, kizito kama tofali. Mpishi alikuwa ameandika juu ya kisanduku hicho kwa kalamu ya wino mzito: BILA MIMI UMEIUA. Sikukuu moja ya Idi shemeji yake, mgeni kutoka Karema, alitaka kuwafurahisha watoto akachukua waya wa mashine akaanza kuupeleka ukutani moja kwa moja. Mpishi alikuwa uani anageuza nyama. Sijui alionaje. Nilichoona mimi ni mzee wa miaka sitini na ushee akiruka benchi, akipita juu ya mkeka wa wageni, mwiko mkononi, anapiga ukelele wa hatari kwa Kijapani chake, "Abunai! Abunai!" Shemeji aliangusha waya. Baadaye wakala pamoja kama ndugu, lakini shemeji alikaa mbali na ukuta mpaka anaondoka.

Sharti la pili lilikuwa kaseti. Kila aliyesafiri kwenda Dar aliagizwa, na kila aliyerudi na kaseti alirudi na isiyoingia. Zilikuwa za mashine ileile, zenye picha zilezile, ila zilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, na maumbo yake yalikuwa tofauti kidogo, kama ufunguo wa kufuli la jirani. Mpishi alizigeuzageuza, akazirudisha kwa heshima. "Hii nayo ina kwao," alisema. Kwa hiyo mkoa mzima wa Katavi ulikuwa na kaseti kumi na moja tu za kuingia kwenye mashine ile, na zote zilikuwa kwenye kabati lake, chini ya Msahafu na juu ya vyombo vya wageni.

Na zote zilikuwa za Kijapani mwanzo mwisho. Hakuna hata neno moja la Kiingereza la kumshika mtu mkono. Mtaani iliaminika kwamba hilo si tatizo, kwa kuwa Mpishi anajua Kijapani, na yeye hakumkosoa mtu yeyote aliyeamini hivyo. Maandishi yalipotokea kwenye kioo alikohoa kidogo, akatusomea. "Anasema njia ya kushoto ina nyoka." "Anauliza, wewe ni mtoto wa nani?" Tulisikiliza kama wasikilizaji wa taarifa ya habari. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua. Siku moja alitusomea maneno ya mzee fulani wa kwenye gemu, na mimi nikakumbuka kwamba wiki iliyopita mzee yuleyule, kwa maandishi yaleyale, alikuwa amesema jambo lingine kabisa. Nikamuuliza kwa adabu.

Hakubabaika hata kidogo. "Madam," akasema, "siku ile alikuwa na hasira. Leo ametulia."

Hapo nikajua kwamba hajui kusoma hata herufi moja. Kuongea aliongea, maneno yake ya jikoni, lakini maandishi aliyajua kwa sura tu, kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Lile lenye umbo kama kiti lilikuwa la kuhifadhi. Lile kama jembe lililovunjika lilikuwa la kufuta, na hilo alilikwepa kama moto. Sikumwambia mtu. Mwanamume huyu alikuwa mkweli kiasi cha kumwambia mteja, "Leo samaki si wazuri, kula maharage." Kama alikuwa na uongo mmoja tu, na uongo wenyewe ulikuwa unatukalisha watu wanane sebuleni kila jioni bila kugombana, mimi ni nani niutoboe?

Muuza maziwa ndiye aliyekuwa msikilizaji mkuu. Alikuwa Msukuma wa Magamba, mtu wa makundi ya ng'ombe, aliyekuja na pikipiki na madumu yake, na akimaliza kugawa anakaa pale mlangoni na fimbo yake. Katika gemu moja lilitokea dude lenye pembe, kubwa kuliko nyumba, na Mpishi akainua upanga.

"Usimuue!" Muuza maziwa akasimama. "Mzee wangu, mwangalie mgongo ule. Hilo dume la mbegu hilo!"

"Linaniua mimi!"

"Mzungukie. Dume halipigwi usoni."

Mpishi akalizungukia. Na kweli, nyuma ndiko lilikokuwa dhaifu. Tangu siku hiyo Muuza maziwa alipewa kiti chenye mgongo. Naye akachukua neno moja la Mpishi akalipeleka porini, na mpaka leo ukipita Magamba asubuhi utamsikia mtu anawazuia ng'ombe wasiingie barabarani kwa kupiga kelele, "Abunai!"

Mama mwenye nyumba, mke wa Mpishi, alijifanya hana habari na mambo hayo. "Nyie watu na kioo chenu," alisema, akapita na ungo. Lakini katika zile kaseti kulikuwa na moja ya kuvua samaki, na Mpishi hakuwahi kutoa mle hata dagaa. Alasiri moja mama alisimama nyuma yake, akatazama, akashindwa kuvumilia. "Unavuta kama unaanua nguo. Mlegezee kwanza. Lete hapa." Akakaa chini na kanga yake, akashika pedi mara ya kwanza katika maisha yake, akamlegezea, akasubiri, akavuta, akamlegezea tena. Samaki aliyetoka alijaza kioo. Mama akairudisha pedi, akachukua ungo wake. Mpishi hakuigusa kaseti ile kwa mwezi mzima.

Nasema alikuwa mpishi, na jikoni hakuna niliyemwona mwenye subira kama yake. Alikuwa anasema maharage yakiharakishwa yanalipa kisasi tumboni. Mkaa wake aliupanga kipande kwa kipande. Lakini mtu huyohuyo akikalia kigoda chake mbele ya TV alikuwa mtoto wa darasa la pili. Aliruka, alijigonga magoti, alirusha pedi, akaiokota na kuiomba radhi. Kitu pekee kilichomtuliza ni adhana. Ikisikika ya Magharibi alibonyeza kitufe cha kusimamisha hata kama upanga uko hewani. "Hii ina kitufe cha kusimamisha," alisema huku anatafuta kofia. "Sala haina."

Sasa nifike kwenye lile geti.

Kati ya kaseti zote kumi na moja, moja ndiyo aliyoipenda kuliko mboni ya jicho. Ilikuwa ya kijana mwenye upanga anayetoka kijijini kwao na kuzunguka nchi, na binti mdogo anamfuata nyuma. Kwa maelezo ya Mpishi, mvua ilikuwa imekatika katika nchi ile, na aliyeikata ni mwanamke mmoja mwenye nywele ndefu anayekaa kwenye ngome juu ya mlima. Mpishi alimwita Bibi wa Ngome. Kijana anakwenda kuikomboa mvua. Binti wa nyuma ni dada yake, aliyekataa kubaki nyumbani. Hadithi ile mtaa mzima tuliijua. Wanawake waliokuja kusuka nywele kwa mama mwenye nyumba waliulizia: "Wamefika wapi?"

Walikuwa hawajafika popote. Nilipohamia walikuwa wamekwama kwenye geti ndani ya pango, na walikuwa wamekwama hapo kwa miaka mitatu. Mbele ya geti kulikuwa na mawe saba yaliyopangwa duara. Ukiyasukuma kwa mpangilio unaotakiwa, geti linafunguka. Ukikosea, unatupwa nje ya pango na kuanza kupigana na popo upya. Mpishi alikuwa na daftari la shule, la kurasa mia mbili, ambamo aliandika kila mpangilio aliowahi kujaribu.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "mawe saba yana mipangilio zaidi ya elfu tano. Nimepiga hesabu."

Akalipima daftari kwa kiganja. "Basi imebaki michache, Madam," akasema, na akaendelea.

Hapa lazima niseme kuhusu rangi. TV yake ilikuwa ya chogo, ya zamani, na ilionyesha gemu zote nyeusi na nyeupe, ingawa taarifa ya habari ilikuwa na rangi. Fundi redio wa sokoni alikuja, akafungua, akafunga, akatoa jibu: Wajapani wanatuma rangi kwa njia yao, TV zetu zinaisubiri kwa njia nyingine, wanapishana. Mpishi alikuwa anaapa kwamba kule kambini, akiwa amesimama na sinia, aliona rangi kwenye kioo kidogo cha yule kijana mrefu. Watu waliitikia, "Ndiyo mzee," kwa sauti ile ya kumwitikia mtu anayesimulia alivyokuwa na nguvu ujanani. Nami nilikuwa mmojawapo.

Mwaka wangu wa pili, mfanyakazi mmoja wa reli alihamishwa akawa anauza vitu vyake. Nilinunua TV. Ilikuwa nayo ya chogo, nzito, yenye vitufe vingi kuliko nilivyohitaji, na ililetwa chumbani kwangu kwa mkokoteni. Mimi nilitaka tamthilia tu. Wiki hiyohiyo TV ya Mpishi ilifumba jicho. Picha ilisinyaa ikawa mstari, mstari ukawa nukta, nukta ikazimika. Siku tatu nyumba ilikuwa kimya, na kimya chenyewe kilikuwa kinatuuma masikio. Muuza maziwa aligawa maziwa akaondoka.

Jumapili mchana hodi ikabishwa mlangoni kwangu. Nikafungua. Mpishi alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia, mke wake yuko pembeni na kanga mpya, na nyuma yao Muuza maziwa amevua kofia yake ya pama. Nilidhani kuna msiba. Kisha nikadhani wamekuja kuniposa.

"Madam," Mpishi akasema, "tumekuja na ombi."

"Karibuni, mzee. Ombi gani?"

Alitazama juu ya bega langu, kwenye TV. Mama mwenye nyumba akamaliza kazi: "Anataka kioo chako. Hajala vizuri tangu Alhamisi."

Tulihamishia mashine chumbani kwangu. Mpishi aliweka kisanduku cha umeme, akakagua waya mara mbili, akaingiza kaseti ya kijana mwenye upanga, akavuta pumzi, akawasha.

Sijui nieleze vipi. Kioo kilijaa bluu. Bluu ile ya ziwa asubuhi, na juu yake maandishi ya dhahabu. TV ile ya mfanyakazi wa reli, kwa vitufe vyake vyote vile, ilikuwa inajua njia zote mbili.

"Si niliwaambia!" Mpishi alikuwa tayari amesimama. "Si niliwaambia! Mama, si nilisema? Madam, nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mzee!"

"Kijana ana nywele nyekundu! Tazama! Miaka yote hii ana nywele nyekundu na hajaniambia!"

Binti wa nyuma alikuwa na gauni la njano. Majani yalikuwa ya kijani, popo walikuwa wa zambarau. Tulikuwa tunatajiana rangi kama watoto wa chekechea, na watu walianza kujaa mlangoni. Mpishi alipigana na popo wale kwa haraka, anacheka, mpaka akafika mbele ya geti. Mawe saba yalikuwa na rangi saba.

Alibaki ameshika pedi bila kubonyeza. Muuza maziwa ndiye aliyeinyoosha fimbo yake taratibu, akaelekeza juu ya geti, mahali ambapo miaka yote palikuwa pametundikwa vitambaa vya kijivu ambavyo tulivichukulia kuwa mapambo.

"Bendera," akasema.

Bendera saba, kutoka kushoto kwenda kulia. Nyekundu. Nyeupe. Bluu. Chumba kizima tulisoma kwa pamoja, na Mpishi alisukuma. Kijani. Njano. Kwa haraka yake jiwe la zambarau alilipita, akarudi. Jiwe la mwisho lilikuwa jeusi. Alilisukuma, kioo kikatikisika, na geti likapanda juu.

Mama mwenye nyumba alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani. Muuza maziwa alinikumbatia, kisha akakumbuka mimi ni mwalimu akaniachia. Mpishi hakupiga kelele. Alikaa kwenye sakafu yangu na kanzu yake nyeupe, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, halafu akanusa hewa, akaruka. Wali aliouacha jikoni ulikuwa umeungua. Ndiyo mara pekee niliyoona chakula chake kimeungua. Tulikula ukoko wote tukausifu.

TV yangu haikurudi kwenye tamthilia. Nilimwachia, naye akanilisha chakula cha mchana mpaka nilipohama, na hakutaka kusikia habari ya shukrani. Miezi minne baadaye kijana wa nywele nyekundu alifika kwenye ngome. Mpishi alipigana na Bibi siku tatu, na kwa siku tatu alimtukana matusi ya ziwani mpaka mama mwenye nyumba akafunga dirisha ili majirani wasiyasikie. "Mvua yetu iko wapi, mchawi mkubwa wewe!" Bibi alipoanguka, maandishi yalianza kupanda kwenye kioo polepole, na Mpishi akatusomea kwa sauti nzito: "Anasema, nisameheni. Mvua nimeiachia. Rudini mkalime." Tukapiga makofi. Wengine walifuta macho.

Mwaka wangu wa sita ulipoisha nilihamishiwa shule ya Magamba. Si mbali, lakini ualimu una namna ya kumla mtu siku zake, na nikawa nafika mjini mara chache. Jumamosi moja, mwaka wangu wa tatu huko, nilikwenda sokoni nikapitia mgahawani. Mpishi aliniona kutoka jikoni akaacha sufuria.

"Madam! Mungu amekuleta. Twende nyumbani. Nina mgeni."

Mgeni alikuwa amekaa mezani palepale mgahawani, binti wa Kijapani, mwanafunzi, mkoba mkubwa miguuni. Alikuwa safarini kwenda ziwani kuwaona sokwe, na gari lake lilikuwa linatengenezwa tairi. Alikuwa amesema "Nimeshiba, asante sana" kwa Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula, na Mpishi akamjibu kwa Kijapani cha jikoni, na binti akacheka mpaka akashika mdomo. Sasa alikuwa anaambiwa ataonyeshwa gemu ya kwao.

Njiani nilimvuta Mpishi pembeni. "Mzee, huyu anajua kusoma kweli."

"Ndiyo maana nimemwita," akasema. Alikuwa anatembea haraka, anameremeta jasho. "Madam, unadhani mimi sijui nisichokijua? Nimesubiri miaka ishirini apite mtu."

Sebuleni Muuza maziwa alikuwa kwenye kiti chake, na mama mwenye nyumba alileta chai. Mpishi aliwasha mashine, akaenda moja kwa moja kwenye sehemu aliyoihifadhi, mlango wa ngome. Bibi akatokea na nywele zake. Maandishi yakaja.

"Soma, mwanangu," Mpishi akasema. "Usiruke kitu."

Binti alisogea karibu na kioo. Alisoma kimya, kisha akageuka. "Babu, wewe ulisema huyu ni mchawi?"

"Aliyekata mvua."

"Samahani. Siyo mchawi." Alitafuta neno. "Huyu ni mama yake. Mama wa kijana. Alichukuliwa kijana akiwa mdogo. Amefungwa kwa uganga, hamjui mtoto wake. Kijana anapigana naye ili auvunje uganga."

Hakuna aliyekunywa chai. Mpishi alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti.

"Na mvua?"

"Hakuna mvua, babu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Samahani."

"Mwisho anasema nini? Akianguka. Yale marefu yanayopanda."

Ikabidi apigane naye ili tuyaone. Alipigana bila tusi hata moja. Nilimwona anasita kabla ya kila pigo. Bibi alipoanguka maandishi yakaanza kupanda, na binti akayatafsiri moja moja, akiyafuata kwa kidole bila kugusa kioo. "Anasema, umekuwa mkubwa. Anasema, nilisikia hatua zako njia nzima. Anasema, sasa twende nyumbani."

"Na wewe ulivyomtukana!" mama mwenye nyumba akasema. Alisema akitaka kucheka, akaishia kujifunika mdomo kwa kanga.

Mpishi alinyanyuka akatoka uani. Tulimsikia anamwaga maji, ananawa uso. Muuza maziwa alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Niliwaza mtaa mzima, wanawake wa kusuka, watoto waliokua wakiijua hadithi ile ya mvua. Niliwaza kwamba tumemleta mgeni aje amvue nguo mzee wa watu mbele yetu.

Akarudi, uso umelowa, macho yanawaka.

"Kwa hiyo mvua niliitoa mimi," akasema. "Ile mvua ilikuwa yangu!"

"Ndiyo, babu," binti akasema kwa woga. "Ni hadithi nzuri kuliko..."

"Na hii nayo ni nzuri! Nzuri kabisa! Madam, unaona? Nilikuwa na kaseti kumi na moja. Sasa ninazo kumi na mbili!" Alikuwa tayari amekaa kwenye kigoda, amezima, amewasha. "Tunaanza mwanzo. Mwanangu, dereva wako aje naye ale, gari haliendi popote. Kaa hapa. Unisomee kijiji cha kwanza tu, kuanzia hapo nitajua wanaongea nini."

Binti alikaa. Dereva alikuja akala. Walisoma vijiji vitatu.

Wiki mbili baadaye, saa ya mapumziko, nikiwa kwenye ofisi ya walimu Magamba, simu yangu iliita. Sikuhitaji kuiweka sikioni.

"Madam! Nimefika kwake leo!"

"Kwa nani, mzee?"

"Kwa mama wa kijana! Nimefika mlangoni, nikasimama, nikampa shikamoo."

Walimu wenzangu waliinua vichwa. "Akajibu nini?"

"Atajibu nini, Madam, anajua Kijapani tu. Lakini mimi nimeshamsalimia." Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake mama mwenye nyumba anauliza kama chumvi imeshawekwa. "Halafu nikampiga. Hakuna njia nyingine ya kumtoa mle. Lakini shikamoo nilitanguliza."